Transiti ya saa 15 Addis Ababa: mwone nini, mle nini

Swali: Mimi na mama mdogo tunasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Tunatua Addis Ababa Jumatano saa moja na nusu asubuhi na kuondoka saa nne na nusu usiku. Hatutaki kushinda uwanjani tukihesabu viti. Mama ana miaka 63 na magoti yanamsumbua, na sisi ni Waislamu, kwa hiyo suala la nyama linatutia wasiwasi. Tuone nini, tule nini, na je, mama ataweza?

Jibu: Dada, mpe mama mdogo shikamoo yangu, kisha mwambie ataweza. Addis imejaliwa kitu ambacho miji mingi mikubwa haina: uwanja wa ndege umo ndani ya mji. Kutoka Bole hadi Uwanja wa Meskel, katikati ya jiji, ni kama kilomita sita tu, na barabara ni moja. Kinachowaharibia wasafiri siku yao pale ni tamaa. Wanataka soko la Merkato, wanataka mlima Entoto, wanataka makumbusho manne, jioni wanarudi uwanjani wameona foleni za magari kuliko kitu kingine chochote. Ninyi chagueni mteremko mmoja, kutoka Sidist Kilo kushuka hadi Arat Kilo, na mlo mmoja wa kukaa chini mkala kwa raha. Vingine viacheni, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza hesabu ya muda. Uhamiaji, kubadilisha fedha na kutafuta gari vitakula saa moja hadi mbili asubuhi. Jioni muwe mmesharudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege, maana ukaguzi wa Bole una hatua zaidi ya moja, na ndege nyingi za kwenda Ulaya na Asia huondoka usiku ule ule. Kwa hiyo siku yenu halisi inaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa moja jioni. Ndani yake lazima mama apate saa mbili za kulala. Ukishalipanga hivyo kichwani, hutasumbuka.

Suala la kuingia nchini limalizeni mkiwa bado Dar. Mkenya huingia Ethiopia bila viza. Mtanzania aangalie mapema huduma ya viza ya mtandaoni ya uhamiaji wa Ethiopia, asisubiri kujieleza dirishani. Na siku unaponunua tiketi, muulize wakala swali hili moja: muunganiko wetu ni mrefu, je, shirika linatupa hoteli? Ethiopian Airlines kwa kawaida huwapa chumba, chakula na usafiri abiria ambao wamelazimika kusubiri muda mrefu kwa kuwa hakuna ndege ya mapema zaidi. Mkiipata hiyo, mama ana kitanda na ninyi mna mahali pa kuswalia. Msipoipata, chukueni chumba cha mchana karibu na Bole. Hoteli zimejaa eneo lile, na nyingi zimezoea wageni wa saa chache. Kwa mama wa miaka 63 hiyo fedha mimi singeibania hata kidogo.

Mizigo mikubwa hakikisheni imeandikiwa Guangzhou moja kwa moja. Kwenye begi la mkononi wekeni dawa za mama, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na sweta. Narudia: sweta. Mnatoka usawa wa bahari mnatua kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300. Asubuhi na jioni kuna baridi ya kweli, na kati ya Juni na Septemba mvua hunyesha karibu kila siku. Mwinuko huo ndio utakaomchosha mama kuliko magoti. Atahisi pumzi fupi kwenye ngazi, pengine na kichwa kuuma kidogo. Si ugonjwa, ni hewa nyepesi. Anywe maji mengi, atembee polepole, na ngazi apande kwa kupumzika.

Jambo moja litakupa raha: saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri na kuanzia machweo. Ukimwambia dereva "saa nane", naye anaelewa saa nane yako ya mchana. Majira yao pia ni yale yale ya Dar na Nairobi. Tatizo hutokea kwenye karatasi, maana tiketi na hoteli za kimataifa hutumia mtindo wa kizungu, na mhudumu anayezungumza Kiingereza anaweza kukupa saa kwa mtindo wowote kati ya hiyo miwili. Muulize kila mara: ya kwenu au ya tiketi? Msishangae pia mkipewa risiti yenye mwaka uliopungua saba au minane. Kalenda yao ina miezi 13 na mwaka wao mpya huanza Septemba.

Fedha ni birr. Badilisheni benki pale pale uwanjani, kiasi cha siku moja tu, kwa kuwa birr haitawafaa kitu Guangzhou. Wenyeji hulipa sana kwa simu, lakini mgeni wa siku moja atembee na taslimu. Gari litafuteni kupitia programu za taksi kama Ride au Feres, au muombe hoteli iwaitie. Kwa mama mdogo ningependa zaidi mpatane na dereva mmoja kwa nusu siku, awe anawashusha juu na kuwapokea chini.

Sasa huo mteremko.

Mwambie dereva awapeleke Sidist Kilo, lango la Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Pasipoti muwe nazo, kwa sababu langoni wanakagua. Ndani ya chuo kuna jengo lililokuwa kasri la Mfalme Haile Selassie kabla hajalitoa liwe chuo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na humo ndimo lilimo jumba la makumbusho la makabila ya Ethiopia. Kwa maoni yangu ndiyo makumbusho bora ya mji mzima, na bado wasafiri wengi wa transiti huyapita wakikimbilia mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu. Vitu havikupangwa kwa mikoa wala kwa miaka. Vimepangwa kwa maisha ya mtu: kuzaliwa, michezo ya utotoni, kuoa na kuolewa, kazi, kifo. Mama mdogo hahitaji kusoma maandishi kuelewa. Ataona vibuyu, mikeka, mapambo ya bi harusi, ataanza mwenyewe kukueleza. Kisha kuna chumba cha kulala cha mfalme, kimeachwa kama kilivyokuwa, na kioo chenye tundu la risasi ya jaribio la mapinduzi la Desemba 1960. Simameni pale kidogo. Mtu aliyeitwa Simba wa Yuda alikuwa na kitanda kidogo kuliko unavyotarajia.

Nje ya jengo tafuteni ngazi za saruji zinazopanda kwenda hewani bila kufika popote. Waitaliano walizijenga walipoikalia nchi, kila daraja likiwa mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini. Walipofukuzwa mwaka 1941 ngazi hazikubomolewa. Ethiopia iliweka simba mdogo juu kabisa, kwenye daraja la mwisho. Mimi naona hakuna mnara mwingine mjini unaosema mengi kwa saruji kidogo namna hiyo.

Mkitoka langoni, katikati ya mzunguko wa barabara mtaona mnara mrefu mweupe, wa Yekatit 12. Unawakumbuka watu waliouawa kuanzia tarehe 19 Februari 1937, Yekatit 12 kwa kalenda yao, baada ya vijana wawili kumrushia mabomu Graziani, gavana wa Kiitaliano, naye akanusurika. Askari na wafuasi wa chama cha kifashisti waliwageukia wakazi kwa siku tatu. Michongo iliyouzunguka mnara inaonyesha yaliyotendeka. Dakika kumi zinatosha, na mtauona vizuri bila kuvuka barabara yote.

Kutoka hapo barabara inateremka. Mama akijisikia vizuri mtembee, akichoka ingieni garini, ni mwendo mfupi tu hadi Makumbusho ya Taifa eneo la Amist Kilo. Humu ndimo alimo Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh, aliyefukuliwa Hadar, katika nyika za Afar, Novemba 1974. Ana umri wa miaka milioni 3.2, na kilichopatikana ni takribani asilimia 40 ya mifupa yake, kiasi kikubwa ajabu kwa umri huo. Mnachokiona ndani ya kabati la kioo ni nakala; mifupa yenyewe huhifadhiwa ndani. Wako wanaosikitika wakiambiwa hivyo. Mimi nawaomba waangalie kimo: ni kama mtoto mdogo, lakini nyonga na goti vinaonyesha alitembea kwa miguu miwili, wima. Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kusimama pale kwa heshima, kwa kuwa nyayo za Laetoli huko kwetu, zenye miaka kama milioni 3.6, zinaaminika ni za jamii hiyo hiyo. Jengo lenyewe ni la kizamani na taa zake hafifu, msitegemee maajabu ya maonyesho. Saa moja inatosha, ghorofa za juu mama akiziacha hatakosa kitu kikubwa.

Chini zaidi, Arat Kilo, kuna Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alipozikwa Haile Selassie. Aliuawa mwaka 1975 baada ya kupinduliwa, na mwili wake haukupata maziko ya heshima hadi Novemba 2000. Kwenye makaburi ya nje amelala pia Sylvia Pankhurst, Mwingereza aliyeipigania Ethiopia kwa kalamu wakati mataifa makubwa yalikaa kimya. Waislamu wanaruhusiwa kuingia kama wageni wengine. Viatu vinavuliwa mlangoni na kichwa cha mwanamke hufunikwa, na nyie mtakuwa tayari na mitandio yenu. Kama mama hataki kuingia kanisani, msimshurutishe, bustani ya nje ina mabenchi na kivuli.

Onyo dogo: eneo hilo lina majengo mengi ya serikali na kasri. Msipige picha askari, malango wala kuta zao. Na kijana akiwafuata akisema ni mwanafunzi, akitaka kuwapeleka kwenye sherehe ya kahawa "ya kitamaduni" kwa rafiki yake, mshukuruni muendelee na safari. Bili ya huko huwa kubwa.

Hapo itakuwa saa saba, saa nane. Njaa imeshika. Tuje kwenye chakula, na hapa Jumatano yenu ni bahati kubwa kuliko unavyojua.

Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa katika siku 50 baada ya Pasaka. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Kwa sababu hiyo siku hizo karibu kila mgahawa, mkubwa kwa mdogo, hupika chakula cha mboga na nafaka kwa mafuta ya kula tu, bila samli. Sema maneno mawili, "tsom beyaynetu", utaletewa sinia la injera lililopangwa vilima vya rangi: misir wat, yaani dengu nyekundu zenye berbere (mchanganyiko wao wa pilipili na viungo), kik alicha, njegere kavu zilizopaazwa na kupikwa kwa manjano, ambazo hazina pilipili na ndizo za mama, gomen, ambayo utaitambua mara moja kuwa majani ya jamii ya sukuma wiki, kabeji kwa karoti na viazi, na kiazi sukari chekundu. Katikati humiminwa shiro, rojo la unga wa dengu. Wasiwasi wenu wa nyama umekwisha hapo hapo, na hamjala kwa kubahatisha wala kwa kunyimwa. Nathubutu kusema hiki ndicho chakula bora kabisa cha Ethiopia, siku yoyote ya wiki. Watu wamekipika kwa karne nyingi wakitafuta utamu bila nyama, na wameupata.

Injera yenyewe itawagawa. Fikiria chapati ya maji pana kama sinia, laini, yenye matundu upande mmoja, iliyochachuliwa siku mbili tatu kabla ya kumiminwa kwenye kikaango cha udongo. Imetokana na nafaka ya teff, ambayo punje zake ni ndogo mno. Tonge la kwanza ni chachu, mama anaweza kukunja uso. Mwambie asiile kavu. Uchachu ule umewekwa kwa ajili ya berbere; ukivikutanisha vinatulizana. Mnakula kwa mkono wa kulia, mnakata kipande, mnazoa mboga, bila kijiko, kwa hiyo hakuna la kuwafundisha. Mwenyeji akikata tonge akataka kukulisha mdomoni, hiyo ni gursha, ishara ya upendo, na kuikataa humvunja moyo. Ila kuleni kwa kiasi. Injera hushibisha taratibu, na mna safari ndefu ya usiku.

Kuhusu nyama, ukweli ni huu. Wakristo na Waislamu wa Ethiopia kila upande hula nyama iliyochinjwa na wa kwao, kwa hiyo migahawa hutengana kwa hilo na swali lako halitamkwaza mtu. Uliza wazi kama mgahawa ni wa Waislamu. Mkitaka nyama kwa uhakika, mtaa wa Bole Mikael karibu na uwanja wa ndege una Wasomali wengi na migahawa yao ya wali na mbuzi. Lakini mimi singetumia mlo wenu pekee wa Addis kula wali mbuzi. Doro wat, kuku wa vitunguu vingi na yai zima, na tibs, nyama ya kukaangwa, viacheni kwa safari nyingine mkikaa siku nyingi. Kitfo ni nyama ya kusaga inayoliwa mbichi au imepashwa kidogo tu; hata kwa msafiri asiye na sharti lolote la dini, siishauri kabla ya kupanda ndege.

Wapi mkale? Sitakupa jina. Mgahawa mzuri leo unaweza kuwa umehamia mtaa mwingine mwezi ujao, hasa sasa ambapo jiji linavunjwa na kujengwa upya. Mwaka 2024 sehemu kubwa ya mtaa wa zamani wa Piassa ilibomolewa. Tumieni alama hii: mchana wa Jumatano, pale ambapo wafanyakazi wa ofisini wamejaa wakila sinia moja watu watatu wanne, ingieni. Eneo la Arat Kilo, lenye vyuo na ofisi, halikosi mahali kama hapo. Migahawa mikubwa ya ngoma na wacheza eskista ni ya jioni, chakula chake ni cha wastani na muda wenu hautoshi.

Kahawa lakini msiikose. Hii ndiyo nchi yake ya asili, na inayotengenezwa kwa taratibu zote inachukua kama saa moja: mbichi inakaangwa mbele yenu, kikaango kinapitishwa mnuse moshi, inatwangwa, inachemshwa kwenye jebena ya udongo yenye shingo ndefu, inamiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Chini kumetandazwa majani mabichi, pembeni kuna ubani na bisi. Mizunguko ni mitatu: abol, tona, na wa mwisho bereka. Mtu akinyanyuka baada ya kikombe kimoja inaonekana ana haraka. Hamna haja ya kulipia maonyesho; migahawa mingi na hata vibanda vya barabarani vina mama wa kahawa pembeni. Mama mdogo kama ana shinikizo la damu anywe kikombe kimoja, cha tatu huwa chepesi. Wewe ukitaka ya haraka, waagize makiato, iliyobaki tangu Waitaliano, na Addis huitengeneza vizuri sana. Asiyekunywa kahawa aombe spris, maji mazito ya matunda yaliyopangwa kwa tabaka, parachichi chini, embe juu, yanayoliwa kwa kijiko.

Baada ya hapo, hotelini. Mswali, mama alale.

Jioni, mkiwa mnarudi Bole, dereva apite Uwanja wa Meskel. Ng'ambo yake kuna Africa Hall, jengo la Umoja wa Mataifa lililozinduliwa mwaka 1961. Humo, tarehe 25 Mei 1963, wakuu wa nchi huru 32 walitia saini mkataba wa kuanzisha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wao, kwa niaba ya Tanganyika. Kuingia kunahitaji kupanga kabla, lakini hata kuliona kutoka barabarani kunatosha kwa Mtanzania kushusha kioo. Sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Februari 2024 iko ndani ya makao makuu ya Umoja wa Afrika, na huko hamuingii bila mwaliko. Kando ya uwanja wa Meskel kuna makumbusho ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu wa enzi ya Derg, utawala wa kijeshi uliompindua Haile Selassie, yenye picha, nguo na mafuvu ya waliouawa. Ni mahali panapostahili kuheshimiwa kwa kwenda mtu akiwa na nguvu. Mama akitoka usingizini, msianzie hapo.

Merkato nimeikataa kwa sababu najua nyie ni wafanyabiashara na mtavutwa. Soko lile ni kubwa mno, wezi wa mifukoni hawakosekani, na ukiingia kuuliza bei ya kitambaa saa tatu zimeondoka. Entoto nako ni juu ya mita 3,000, pumzi ya mama haitamruhusu kufurahia.

Kama mnataka zawadi, nunueni kahawa iliyokwisha kukaangwa na kufungwa. Tomoca, kampuni ya tangu 1953, ina maduka kadhaa mjini. Berbere pia hufungwa vizuri, ila iwekeni ndani ya mifuko miwili isije ikanukia nguo. Mbegu na chakula kibichi msibebe, China ina ukaguzi mkali wa vitu hivyo.

Ratiba ikibadilika mkatua Alhamisi badala ya Jumatano, mteremko unabaki ule ule. Kwenye chakula tu ndipo muulize mapema, kwa sababu sinia la mfungo halipikwi kila mahali siku hiyo. Ombeni shiro, na mwambie mhudumu wazi: bila kibe, yaani samli, na bila nyama. Shiro haikosekani hata siku moja.